Kwa nini pedi ya vitufe haijafa?

Mwangalie mtu anayecheza gemu ya magari. Kona ikija, anainua pedi, analala upande mmoja, bega linafuata, na wakati mwingine hata ulimi unatoka nje. Gari lenyewe halijali. Linasikiliza kijiti kidogo anachosukuma kwa dole gumba, basi. Lakini mwili haukubali kukaa pembeni.

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani iliamua kuuingiza mwili mchezoni. Ikatoa Wii, mashine inayochezwa kwa rimoti unayoipunga hewani. Unataka kupiga tenisi? Zungusha mkono kama umeshika raketi. Watu walipenda sana, na zaidi ya Wii milioni 101 ziliuzwa. Mwaka 2010 Sony nao wakaja na PlayStation Move, na Microsoft wakaleta Kinect, kamera isiyohitaji ushike kitu chochote. Kinect milioni 8 ziliuzwa katika siku 60 za kwanza. Wengi wakaona pedi za vitufe zimefika mwisho.

Sasa ingia kwenye kibanda chochote cha gemu mtaani leo. Utakuta nini? Pedi yenye vijiti viwili na vitufe, umbo ambalo halijabadilika sana tangu DualShock ya Sony ya mwaka 1997. Utengenezaji wa Kinect ulisimamishwa mwaka 2017.

Jibu rahisi ni kwamba watu ni wavivu, wanataka kucheza wamekaa. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini hautoshi. Sababu kubwa ziko ndani ya chipu, na nyingine ziko ndani ya mkono wako.

Rimoti haijui iko wapi

Tuanze na chipu. Ndani ya rimoti ya Wii kuna akselerometa, kifaa cha kupima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika. Fikiria abiria waliosimama ndani ya daladala. Dereva akifunga breki, wote wanaangukia mbele. Akiondoka ghafla, wanarudi nyuma. Hata ukifumba macho, kwa kuhisi abiria wanavyoyumba utajua dereva amefanya nini. Akselerometa ina "abiria" wake: kipande kidogo sana cha silikoni kilichoshikiliwa na springi ndogo zaidi. Chipu inapima kipande hicho kimeyumba kiasi gani.

Hata simu yako ina kitu hicho. Pakua programu ya bure inayoitwa phyphox, fungua sehemu ya akselerometa, kisha laza simu mezani. Utaona namba karibu na 9.8, ingawa simu imetulia tuli. Hiyo ni nguvu ya uvutano wa dunia: meza inaisukuma simu juu, na "abiria" wanalemea chini.

Tatizo ni hili: abiria wanaoyumba hawakuambii daladala limefika kituo gani. Ili kujua mahali, kompyuta inatakiwa kubadili mchapuko kuwa kasi, halafu kasi kuwa umbali. Ni hesabu ya hatua mbili, na kila hatua inakuza kosa. Chukua kihisi kinachokosea kwa 0.05 tu, mita kwa sekunde mraba. Baada ya sekunde 1 kosa la mahali ni sentimita 2.5. Si mbaya. Baada ya sekunde 10 kosa ni mita 2.5. Mkono wako umetulia kifuani, lakini kompyuta inaamini uko chumba cha jirani.

Ndiyo maana tenisi ya Wii haikufuata mkono wako hatua kwa hatua. Ilisubiri ishara moja: mkono umepiga kwa nguvu, sasa hivi. Wachezaji wakagundua haraka kwamba unaweza kukaa kwenye kochi, ukatikisa kiwiko cha mkono kidogo, na mpira ukaenda vilevile. Ule mpungo mkubwa wa bega ulikuwa mbwembwe tu. Kwa maneno mengine, mwendo wako wote uligeuzwa kuwa kitufe kimoja kikubwa.

Na kile kijiti cheusi kilichowekwa juu ya TV? Wengi walidhani ndicho kinachoona rimoti. Hapana, hakioni chochote. Ni taa za infraredi tu. Kamera iko mbele ya rimoti yenyewe, inatazama hizo taa na kukisia umeielekeza wapi. Mishumaa miwili iliyowashwa na kutenganishwa inafanya kazi hiyohiyo.

Baadaye mambo yaliboreshwa. Mwaka 2009 Nintendo waliongeza jairoskopu, kihisi kinachopima kasi ya mzunguko. Sony waliweka mpira unaowaka kwenye ncha ya Move, kamera ikawa inapima ukubwa wa mpira huo kwenye picha: ukionekana mdogo, mkono uko mbali. Kwa hiyo tatizo la "uko wapi" lilipungua sana. Hata hivyo, pedi haikufa.

Upanga usiogonga kitu

Hapa tunaingia kwenye mkono. Mwaka 2011 ilitoka gemu ya The Legend of Zelda: Skyward Sword, ambamo upanga unafuata uelekeo wa mkono wako. Unakata kushoto, adui anaukinga. Kwenye skrini upanga umesimama. Lakini mkono wako? Unaendelea kupita hewani, kwa sababu hakuna kilichouzuia. Macho yanasema umegonga chuma, misuli inasema umekata upepo. Kuanzia hapo wewe na mhusika wako mmeachana.

Kitufe hakina ugomvi huo. Ukikibonyeza, springi inakusukuma kidogo, kinafika mwisho, kidole kinajua kazi imekwisha. Kijiti ukikiachia kinarudi katikati chenyewe. Huhitaji kutazama. Mazungumzo yanakwenda pande zote mbili: mkono unasema, kifaa kinajibu. Hewa haijibu. Mtetemo wa rimoti unasaidia kiasi, ila mtetemo hauwezi kuusimamisha mkono.

Kuna na suala la muda. Dole gumba husogea milimita chache. Mkono mzima husogea nusu mita, na mashine haiwezi kutambua ishara mpaka uwe umeianza. Kinect ilipiga picha 30 kwa sekunde, yaani takriban milisekunde 33 kati ya picha moja na nyingine, kabla kompyuta haijaanza hata kuchambua. Kwenye gemu ya kucheza dansi hutaona tofauti. Kwenye gemu ya ngumi, umeshalala chini.

Kitu kimoja kilibaki

Usije ukadhani mwendo ulishindwa kabisa. Kuna kazi moja ambayo mwendo unaifanya vizuri kuliko kijiti: kulenga.

Kijiti hakiamui ulenge wapi, kinaamua ulengaji usogee kwa kasi gani. Ni kama kujaza kikombe kwa bomba la maji. Unachoshika ni koki, lakini unachotaka ni maji yafike kwenye mstari fulani. Ukichelewa kufunga yanapita, ukifunga mapema hayafiki. Ndiyo maana wanaoanza kucheza gemu za risasi kwa pedi wanampita adui kushoto, wanarudi, wanampita kulia. Magemu mengi huweka msaada wa kulenga kwa siri ili kuficha udhaifu huo.

Kwa jairoskopu, ukigeuza kiwiko cha mkono nyuzi 5, ulengaji unahama kiasi kilekile kila mara. Ni kama kunyoosha kidole. Je, na lile kosa linalokua? Lipo, lakini hapa hesabu ni ya hatua moja tu, kutoka kasi ya mzunguko kwenda pembe, hivyo kosa hukua polepole. Zaidi ya hapo, macho yako yako kwenye skrini muda wote, na unarekebisha bila hata kujua.

Gemu ya Splatoon ya mwaka 2015 ilijengwa juu ya wazo hili: kijiti kwa mageuko makubwa, jairoskopu kwa kulenga kwa makini. Pedi ya PlayStation 4 ilikuwa na jairoskopu tangu 2013, ingawa wengi walioishika hawakujua. Na wanaocheza PUBG Mobile wanaijua vizuri sana: kwenye simu isiyo na vijiti, kuwasha jairo kunaweza kubadilisha kabisa jinsi unavyodhibiti bunduki.

Si mambo ya gemu peke yake

Swali hili lilifika hadi hospitali. Baada ya Wii kupata umaarufu, wataalamu wa mazoezi ya viungo walianza kuitumia kwa wagonjwa wa kiharusi ili mikono irudi kufanya kazi. Ilionekana dhahiri kwamba mashine itashinda mazoezi ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Lancet Neurology uliwagawa wagonjwa 141 kwa bahati nasibu. Wengine walicheza Wii, wengine walicheza vitu vya kawaida: karata, bingo, mpira, na Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao ambao jina lake limetoka kwenye Kiswahili chetu. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, na haikuonekana tofauti ya maana kati yao.

Hii si habari mbaya. Kwa hospitali yenye bajeti ndogo ni habari nzuri sana. Kinachosaidia ni kuurudia mwendo kwa bidii, na kipande cha Jenga kina kitu ambacho Wii haina: uzito wake unaujibu mkono.

Upande mwingine, kuna mtu ambaye vidole vyake haviwezi kubonyeza, lakini anageuza kichwa vizuri. Kwake kihisi cha mwendo ni mlango. Kuna ambaye mkono wake unatetemeka, na kwake kihisi hichohicho ni ukuta. Pedi ya Xbox Adaptive Controller ya mwaka 2018 ilitengenezwa kwa kuelewa hilo: ina vitufe viwili vikubwa, na matundu ya kuchomeka swichi zozote zinazomfaa mtumiaji.

Kwa hiyo ukiambiwa kifaa fulani ni "cha asili zaidi" kwa sababu unatumia mwili, uliza maswali matatu. Kinapima nini hasa? Kinaujibu mkono wako? Na mwendo kinaoudai, mtu atakayekitumia anauweza? Pedi ya vitufe imedumu kwa sababu wengi wetu tukiiuliza, inajibu vizuri yote matatu. Ila kwenye kulenga imekutana na kiboko yake. Washa jairoskopu, weka usikivu chini, jipe wiki moja. Siku mbili za kwanza utapigwa sana. Vumilia.