Sikio Jipya: Tazameni Kifua Kwanza

Ndugu wazazi, kuna watoto wanaozaliwa na sikio moja dogo lililokunjamana. Si ulozi, wala si kosa la mama. Wanganga wanajua kulitengeneza. Munganga Tanzer wa Marekani aliandika njia yake tangu mwaka 1959: mfupa laini unakatwa katika mbavu za mtoto mwenyewe, unachongwa kwa mfano wa sikio, halafu unawekwa chini ya ngozi ya kichwa.

Siku mtoto anaporudi nyumbani, majirani wote wanakuja kuona sikio. Sisi tunawaambia: tazameni kifua.

Mfupa ule laini unatolewa hasa katika mbavu za 6, 7 na 8. Nyuma yake kuna ngozi nyembamba sana, na nyuma ya ngozi hiyo kuna pafu. Ngozi ikitoboka, hewa inaingia pasipo pake na pafu linasinyaa. Kwa hiyo, kabla ya kushona, munganga anamwaga maji ya chumvi katika kidonda, mapafu yanajazwa hewa, naye anaangalia kama mapovu yanatoka. Ni kama wewe unapotafuta tundu la mpira wa kinga ndani ya beseni. Kisha mtoto anapitishwa radio ya kifua. Baba, ni radio ile ile unayoijua kazini. Kama mtoto alipasuliwa mbali, asipande ndege mpaka munganga akubali, maana hewa iliyobaki kifuani inavimba huko juu.

Lakini hatari nyingine inaanzia kitandani. Mtoto anaumia ubavuni kuliko sikioni. Basi anapumua juu juu na kukataa kukohoa. Makohozi yanabaki chini, sehemu ya pafu inajifunga, na homa ya mapafu inaingia. Mama kwa huruma anamkaza kitambaa kifuani na kumwambia: lala, usijitikise. Mama, huruma hiyo inamdhuru. Mpe dawa ya maumivu kwa saa iliyoandikwa, hata kama halii. Akitaka kukohoa, akumbatie mto. Munganga akikubali, mpe maji ya sabuni na mrija apulize mapovu: ataona ni mchezo, kumbe anafungua mapafu. Atembee uani. Mbabula ikae nje, na tumbako ya baba vilevile.

Akishikwa na maumivu ya ghafla kifuani, pumzi ikawa fupi, midomo ikageuka buluu, au homa ikapanda, usingoje asubuhi, wala usikimbilie dawa za sokoni. Mpeleke hospitali usiku uleule.

Kuna jambo jingine, la polepole. Mtoto aliyekatwa mfupa akiwa mdogo sana, ubavu wake unaweza kubonyea anapokua. Ndiyo sababu wanganga wengi hawapasui kabla ya miaka 6, na wengine wanangoja miaka 10, kifua kifikie sentimeta 60 kukizunguka. Tunajua kwamba wenzake shuleni wanamcheka, na miaka hiyo ni mirefu kwa mtoto. Hata hivyo ngojeni, msimsukume munganga.

Na kabla ya siku ya kupasuliwa, mulizeni munganga mambo matatu: atakata ubavu wa upande gani, mbavu ngapi, na nani atawapokea mkifika saa nane ya usiku na mtoto anayehema.