Punguza miche mapema upate karoti nono

MKULIMA anayeanza bustani ya mboga nyumbani hufurahi mno anapoona karoti zimemea kwa wingi. Mstari mzima huwa kijani kibichi, na kung'oa hata mche mmoja humwia vigumu, hasa akikumbuka bei ya mbegu. Miezi mitatu baadaye huambulia mizizi myembamba kama penseli, mingine ikiwa imesokotana, isiyofaa soko wala jiko.

Chanzo cha hasara hiyo ni msongamano. Mbegu ya karoti ni ndogo sana na si rahisi kuipanda moja moja. Gramu moja pekee huwa na mamia ya mbegu. Miche iliyobanana hung'ang'ania maji, rutuba na mwanga. Mashina hurefuka na kuwa dhaifu yakitafuta jua, nayo mizizi hukosa nafasi ya kunenepa.

Aidha, pasipopita hewa ya kutosha, unyevu hukaa baina ya miche na kukaribisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina karibu na udongo hadi mche ukaanguka.

Karoti huhitaji nafasi ya takriban sentimita 5 kutoka moja hadi nyingine. Kwa hivyo, mstari wa mita moja hutosha karoti 20 hivi. Iwapo imemea miche 100, basi 80 haina budi kuondolewa. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote.

Ni bora kazi hii ifanywe kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni miche inapofikia kimo cha sentimita 5 hivi, ambapo huachiwa nafasi ya sentimita 2 au 3. Awamu ya pili hufuata baada ya wiki mbili au tatu, na hapo ndipo nafasi kamili huachwa. Miche inayoondolewa kwanza ni ile dhaifu, iliyopinda au yenye dalili za ugonjwa.

Tuta hunyweshwa maji kabla ya kazi ili udongo ulainike, na wakati mwafaka ni jioni jua linapopungua makali. Palipobanana sana, ni heri kukata miche kwa makasi usawa wa udongo, kwani kuing'oa kunaweza kutikisa mizizi ya ile inayobaki. Baadaye tuta hunyweshwa tena, na udongo husukumwa taratibu kuzunguka miche iliyosalia.

Hata hivyo, si kila mche unaoondolewa hupotea. Ile ya sukuma wiki na spinachi yaweza kuhamishiwa tuta jingine, nayo ya terere na dania huishia chunguni. Karoti haifai kuhamishwa, kwani mzizi wake mkuu ukijeruhiwa hugawanyika na kuwa na matawi.

Mkulima wa bitiruti naye asishangae akiona miche kadhaa ikichipuka mahali alipopanda mbegu moja. Kwa kawaida, kile kinachoitwa mbegu ya bitiruti ni kifungu cha mbegu kadhaa, hivyo miche yake lazima ipunguzwe hata ikiwa ilipandwa kwa uangalifu.

Msimu ujao, kazi hii itapungua iwapo mbegu za karoti zitachanganywa na mchanga mkavu kabla ya kupandwa, ili zisimwagike kwa wingi mahali pamoja.