RN4: Kamyo likizama matopeni, msaada wa kwanza unatoka kijijini

Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, inayounganisha Kisangani na Beni kupitia Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda, dereva aliyekwama hategemei simu ya kuita gari la kuvuta. Kamyo likizama katikati ya msitu wa Ituri, wanaolitoa ni yeye mwenyewe, wasaidizi wake, madereva wenzake na vijana wa kijiji cha karibu. Kazi yao inaokoa mali na maisha, lakini haina bei inayojulikana, na mara nyingi inazua ugomvi.

Barabara hii inalisha watu wengi. Bidhaa zinazoshushwa kwenye bandari ya Mombasa, nchini Kenya, hupita Uganda, zikaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi na kuelekea Kisangani. Upande wa pili, mbao, kakao na mchele hushuka kwenda Beni na Butembo. Sehemu kubwa ya njia ni ya udongo. Mvua ikinyesha, makamyo yenye mzigo mzito huchimba mifereji kwa magurudumu yao, maji yanatuama humo, na baada ya siku chache mfereji unakuwa shimo. Kamyo moja likikaa humo kwa ubavu, yote yanayofuata yanasimama.

Jembe, kriki na kamba ya chuma

Wenye uzoefu wanajua kwamba kukanyaga mafuta kwa nguvu kunazidisha kuzama. Kwanza wanachota maji na matope yaliyozunguka magurudumu, kwa ndoo na beleshi. Kisha wanachimba njia ya mteremko mbele ya kila gurudumu. Kriki inawekwa juu ya ubao mpana, isizame, gurudumu linainuliwa, na chini yake wanajaza mawe, magogo na matawi. Ikiwa bado halitoki, mzigo unashushwa gunia kwa gunia, na hapo ndipo saa zinageuka siku.

Mwisho ni kuvutwa. Kamyo lingine lililosimama pakavu linafungwa kamba ya chuma na kuvuta polepole. Hapa ndipo penye hatari kubwa: kamba ikikatika inaruka kama mjeledi, na inaweza kuvunja mguu au kuua. Watu wote, watoto hasa, wanapaswa kukaa mbali na kamba, si kusimama kando yake wakishangilia. Vilevile mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na kriki peke yake.

Kama ni chombo kilichovunjika, shida ni nyingine. Mahali pengi mtandao wa simu haufiki. Msaidizi mmoja hupanda pikipiki kutafuta kipuri Mambasa, Beni au Kisangani, huku dereva akibaki kulinda mzigo. Matawi yanayolazwa barabarani nyuma ya gari ndiyo alama ya kuwaonya wengine, kwa kuwa pembetatu za kuakisi mwanga ni chache.

Bei ya mapatano, na lawama za pande zote

Malipo yanapatanwa palepale. Dereva aliyebeba saruji halipi sawa na aliyebeba samaki wanaoanza kuoza, na kila mtu anajua nani hawezi kungoja. Madereva wanalalamika kwamba mahali pengine vijana huacha shimo makusudi, au hulichimba zaidi usiku, ili wapate kazi asubuhi. Wenyeji nao wana jibu lao: wanaacha mashamba yao kuingia matopeni hadi kiunoni, na njia ya kando ambayo makamyo yanaifungua imepita katikati ya mihogo yao bila fidia.

Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Mkuu wa kijiji akikaa na wawakilishi wa madereva, wanaweza kukubaliana bei moja ya kutoa pikipiki, gari dogo na kamyo, na kuiandika kwenye ubao pale penye matope. Magari ya wagonjwa yangepita kwanza, bila malipo.

Kukwama usiku ni jambo lingine

Kati ya Beni na Komanda, gari lililosimama ni hatari ya kifo. Waasi wa ADF wameshambulia wasafiri huko mara nyingi, na mwaka wa 2021 hata msafara uliosindikizwa na wanajeshi ulivamiwa. Dereva anayebaki nyuma kwa sababu ya tairi moja anabaki peke yake. Ndiyo maana kabla ya kuondoka ni lazima kuangalia breki, matairi na uzito wa mzigo, na kuhakikisha kwamba kriki, kamba, beleshi na taa vimo garini.

Wajibu wa serikali

Office des Routes iko tangu 1971. FONER, mfuko wa kutunza barabara, uliwekwa na sheria ya 2008, nao unapata pesa kwenye bei ya mafuta na kwenye malipo ya njiani. Maana yake ni kwamba dereva anayelipa vijana ili atolewe shimoni alikwisha kulipia shimo hilo lizibwe.

Kuna mambo yasiyohitaji mradi mkubwa. Vizuizi vya mvua, vinavyosimamisha makamyo mpaka udongo ukauke, vingeheshimiwa na wote, bila mwenye pesa kufunguliwa mlango. Vijana walewale wanaovuta magari wangelipwa kusafisha mifereji kabla ya mvua. Na trekta moja lenye kamba imara, likiwekwa karibu na matope yanayojulikana, lingepunguza siku za kungoja.

Mpaka hayo yafanyike, bei ya chumvi na saruji sokoni Kisangani itaendelea kubeba gharama ya kila beleshi la matope lililochotwa njiani.