Chakula Chenyewe Kitakuja Lini?

Wahudumu wa mikahawa ya visahani hotelini wamelizoea swali hilo. Mgeni ameletewa zeituni, vipande vinne vya pweza wa kuchoma na viazi vya kukaanga, kila kimoja kwenye kisahani cha ukubwa wa kiganja, naye bado anaingoja sahani yake ya wali au nyama. Haiji. Alicholetewa ndicho chakula chenyewe, na kinywaji kilicho mkononi mwake ni sehemu ya mlo huo.

Anayeagiza samaki kwa wali hupokea mlo uliokwisha kupangwa jikoni: wanga, kitoweo, mboga, kachumbari. Kwenye visahani, mpangaji ni mgeni. Akijua kupanga, atakula vizuri kwa bei ya kadiri. Asipojua, meza itajaa vya kukaanga vitupu, ulevi utatangulia shibe, na bili itamshtua.

Mtindo ulikotoka

Hispania ndiyo iliyoutangaza mtindo huu duniani. Mjini Granada, baa nyingi hadi leo humletea mteja kisahani cha bure kwa kila kinywaji anachoagiza. Kaskazini, mjini San Sebastián, vitafunwa hupangwa juu ya kaunta vikiwa vimechomekwa vijiti, na kwa desturi ya zamani vijiti vilivyobaki ndivyo vilivyohesabiwa wakati wa kulipa. Maarufu kati yavyo ni Gilda, iliyopewa jina la filamu ya mwaka 1946 aliyoigiza Rita Hayworth. Kijiti kimoja hubeba zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili ya kijani iliyolazwa kwenye siki. Ni tonge moja tu, lakini lina chumvi, ukali, uchachu na mafuta, na ukilimeza mkono huifuata glasi wenyewe. Walebanoni nao wana meze zao, meza iliyojaa visahani vya kuchovya na kumega, pamoja na araki kwa wanywao.

Kwetu jambo hili si geni. Mishkaki, kachori, bhajia na viazi karai huliwa hivyohivyo, kidogo kidogo na kwa kushirikiana, na Nairobi baa isiyo na bitings, yaani vitafunwa vya baa, haihesabiwi kuwa imekamilika. Kilichobadilika hotelini ni bei, na kokteli iliyochukua nafasi ya bia au soda.

Kwa nini hotelini?

Hoteli hupokea watu wa saa zote. Aliyeshuka kwenye ndege saa tano usiku hahitaji mlo wa sahani tatu, na jiko kuu huenda limekwisha kufungwa. Jiko dogo karibu na baa, lenye kikaango, jiko la mkaa na meza ya vyakula baridi, laweza kumhudumia kwa dakika chache, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ilimalizika mchana: pweza amechemshwa, michuzi imesagwa, nyama imelazwa kwenye viungo. Usiku hubaki kuchoma na kupakua.

Kokteli nazo zina historia ndefu ndani ya hoteli, mahali palipokuwa na barafu, akiba ya vinywaji vya nchi nyingi na wasafiri wenye nafasi ya kulipa. Savoy ya London ilifunguliwa mwaka 1889. Baa yake iitwayo American Bar iliongozwa tangu mwaka 1903 na mwanamke, Ada Coleman, aliyebuni kinywaji cha Hanky Panky. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, mchanganyaji wa vinywaji Harry Craddock alihamia London akajiunga na baa hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1930, The Savoy Cocktail Book, kingali kinatumiwa na wenzake wa leo.

Kuoanisha glasi na kisahani

Usibabaishwe na majina. Kokteli nyingi huingia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la ndimu na utamu. Dawa, inayojulikana sana katika baa za Kenya, imo humu: vodka, ndimu, asali na barafu. Uchachu wake husafisha mafuta mdomoni, kwa hiyo hufaa kwa sambusa, ngisi wa kukaanga au kuku wa kuchoma.

La pili ni la vinywaji vichungu, kama Negroni. Chumvi hupunguza uchungu ulimini, ndiyo maana zeituni, karanga na jibini kavu huvifaa. Vinywaji hivi huamsha hamu ya kula, basi viagize mwanzoni.

La tatu ni la pombe kali karibu tupu, kama Martini. Epuka kuweka vinywaji hivi karibu na pilipili, kwani kileo kikali huzidisha mwasho. Kwa kisahani chenye pilipili, chagua kinywaji kirefu, baridi na chenye utamu kidogo.

Wengine huagiza bila barafu wakidhani watapata kingi zaidi. Katika kokteli iliyotikiswa, maji ya barafu iliyoyeyuka hufikia takriban robo ya kinywaji. Nayo ni kiungo kama vingine, kwa sababu hulainisha ukali na kufungua harufu.

Hesabu ya kileo

Glasi ndogo hudanganya. Negroni ya kawaida ina mililita 30 za jini, 30 za Campari na 30 za vermouth tamu. Jumla ya kileo kitupu ni kama mililita 24. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo Negroni mbili ni sawa na bia mbili kubwa, ila hunyweka kwa muda mfupi zaidi. Chakula hupunguza kasi ya kileo kuingia katika damu, lakini zeituni sita si chakula. Mkate, dengu, mayai au nyama vitangulie glasi ya pili.

Asiyekunywa pombe asikubali kuletewa juisi ya boksi iliyopambwa kipande cha chungwa. Ukwaju, tangawizi, rosela na chai kavu hutoa uchachu, ukali na uchungu ule unaotafutwa kwenye kokteli. Aulize pia kuhusu chakula: soseji na nyama kavu za Kihispania aghalabu ni za nguruwe, na baadhi ya michuzi hupikwa kwa mvinyo. Mwenye mzio wa karanga, ufuta au kamba aseme kabla ya kuagiza, kwa kuwa kisahani kimoja huliwa na meza nzima.

Namna ya kuagiza

Kwa kawaida jiko la visahani hupeleka kila kitu mara kinapoiva. Ukitaja visahani saba kwa pumzi moja, vitafika pamoja, na cha mwisho utakila kimepoa. Kwa watu wawili, anzeni na vitatu: kimoja baridi, kimoja cha kukaanga, kimoja chenye mkate au nafaka. Vikikaribia kwisha, agizeni viwili vya nyama au samaki. Mwambieni mhudumu mapema kwamba mnataka kwa awamu.

Haba na haba hujaza kibaba, na bili pia. Ulizeni kama bei za menyu zimejumuisha kodi: kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara, na Kenya huongeza tozo ya utalii ya asilimia 2. Tozo ya huduma ikiwa imeshaandikwa, bakshishi ni hiari yenu. Jumlisheni baada ya awamu ya kwanza, kabla ya kuita ya pili. Kuongeza kisahani ni rahisi wakati wowote. Kilichokwisha kupikwa hakirudi jikoni.