Picha Mbaya za Kuchekesha na Picha Mbaya za Kuumiza

Kila mwaka huko Marekani, wakati zawadi kubwa za sinema ziitwazo Oscar zinapokaribia kutolewa, watu wengine hutoa zawadi ya mzaha. Jina lake ni Razzie, nayo hupewa picha iliyotengenezwa vibaya kupita zote za mwaka, pamoja na waigizaji walioharibu kazi yao na waandishi wa hadithi zisizo na kichwa wala miguu. Bwana John J. B. Wilson ndiye aliyeianzisha nyumbani kwake mwaka 1981. Zawadi yenyewe ni sanamu ya tunda dogo la rasiberi, imepakwa rangi ya dhahabu, na thamani yake haifiki hata bei ya kuku mmoja. Wanaoitwa kuja kuipokea, wengi hawaji!

Wengine watasema ni mchezo wa watu waliokosa kazi. Lakini sisi twaona kwamba ndani yake mna swali la maana: je, picha mbaya zote zina ubaya wa namna moja? Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka 1936, aliwataka Maaskofu waweke katika kila nchi ofisi ya kuchunguza sinema, ili waamini wajulishwe ipi yafaa na ipi haifai. Baba Mtakatifu Pius XII akalirudia jambo hilo mwaka 1957 katika Miranda Prorsus. Wazee wetu waliosoma magazeti ya Misioni wakumbuka orodha zile: hii kwa wote, hii kwa watu wazima tu, hii isitazamwe. Zilikuwa orodha za kufaa. Walakini mara nyingi ziliuliza kama picha ina aibu au haina, na kwa nadra ziliuliza kama picha yasema kweli juu ya watu inaowaonyesha.

Basi na sisi tumethubutu kuchagua. Hatukuchagua katika picha za mwaka huu peke yake, maana kwetu picha hufika zikiwa zimezeeka, na siku hizi mpya na kuukuu zimo pamoja katika simu ya mtoto. Tumechagua zile zinazodai kuonyesha nchi yetu na jirani zake. Mtu anayekaa Miti, penye njia ya kupanda Tshivanga kwenye Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ana haki ya kusema neno juu ya picha za msitu na za gorila.

Tuanze na vicheko vidogo. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ilitoa picha ya Tarzan, mtu mweupe aliyelelewa na wanyama, naye mwigizaji alikuwa Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea. Picha ilitengenezwa California, na mandhari ya Afrika yaliyomo ni mabaki ya picha nyingine, Trader Horn ya mwaka 1931, ambayo wapigaji wake walifika kweli Afrika ya Mashariki. Shida ikawa tembo. Waliopatikana Marekani walikuwa tembo wa Asia, nao wana masikio madogo. Wakafungwa masikio makubwa ya bandia! Tembo kuvaa masikio kama bibi arusi anavyovaa shela, hilo twalisamehe kwa furaha. Lakini katika picha hiyohiyo, waigizaji wafupi wa Kizungu walipakwa rangi nyeusi wapate kuwa Wambuti. Hapo kicheko kinakatika.

Ya pili ni Watusi ya mwaka 1959. Miaka tisa kabla yake MGM hao hao walikuwa wametengeneza King Solomon's Mines, wakipiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda, na wachezaji ngoma wa Rwanda wakaonekana duniani kote kwa fahari yao. Picha ile ilipata zawadi mbili za Oscar. Vipande vilivyobaki vikawekwa, kisha vikapashwa moto na kuitwa picha mpya. Kiporo ni kiporo hata kikipakuliwa katika sahani ya kifalme.

Lakini taji la picha mbaya ya kufurahisha tunaipa Congo, iliyotoka mwezi wa Juni 1995, kazi ya Bwana Frank Marshall kutokana na kitabu cha Michael Crichton cha mwaka 1980. Ilitumia dola milioni 50 hivi, ikakusanya zaidi ya milioni 150. Wasikilizeni wenyewe hadithi yake. Gorila jike jina lake Amy amefundishwa lugha ya ishara huko Marekani. Amevaa mashine mkononi, na kila ishara anayofanya mashine huitoa kwa sauti ya msichana. Anarudishwa kwao katika milima ya Virunga; ndani ya ndege anapewa pombe anywe. Yuko Mromania anayetafuta mji wa kale uliojaa almasi. Yuko ofisa wa jeshi anayemfokea Mromania huyo kwa kumlia keki yake ya ufuta. Viboko wanashambulia mashua usiku. Mwisho wanafika katika mji wa almasi, nao unalindwa na gorila wa kijivu waliofundishwa kuvunja vichwa vya watu. Mama mmoja anawakata gorila hao kwa mwali wa mwanga. Mara mlima unatoka moto, na waliosalia wanapaa zao katika puto!

Wenzetu wa Goma, waliokimbia kwa miguu moto wa Nyiragongo mwezi wa Januari 2002 na tena Mei 2021, labda watauliza puto hilo liliuzwa wapi.

Wenye zawadi ya Razzie waliitaja Congo mara saba mwaka 1996. Amy mwenyewe, ambaye kwa kweli alikuwa mtu ndani ya vazi la gorila, alitajwa kati ya waigizaji wasaidizi wa kike wabaya kupita wote, na tena kati ya nyota wapya wabaya. Hakupata hata moja, na picha nzima ikarudi mikono mitupu. Hapo twaona alidhulumiwa, ila hatusemi kwa upande gani.

Yafaa kukumbuka wakati wenyewe. Picha hii ilipokuwa ikiwachekesha watu wa Ulaya na Marekani, kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa Kivu tangu Julai 1994. Mwaka uliofuata vita viliingia Bukavu, na tarehe 29 Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa katika mji wake. Hata gorila wa Kahuzi hawakupona: wale wa sehemu ya milimani, waliokuwa karibu 250 kabla ya vita, walipohesabiwa mwaka 2000 walikuwa wamebaki kama nusu. Nao hawakuwa walinzi wa almasi. Gorila ni mla majani, magome na machipukizi ya mianzi. Dume mwenye mgongo mweupe akikasirika hujipiga kifua na kukimbilia mtu, na mara nyingi husimama kabla ya kumfikia, kama wanavyojua askari wa hifadhi.

Basi kwa nini twaisamehe Congo? Kwa sababu uongo wake umefungwa kengele shingoni. Tangu dakika ya kwanza mtazamaji husikia kengele hiyo ikilia, na mtoto wa darasa la tatu hawezi kutoka pale akidhani kwamba gorila husema kwa mashine. Tena kiongozi wa safari, anayeigizwa na Ernie Hudson, Mmarekani mweusi, ni mtu mwenye akili na heshima kuliko wote waliomo. Picha inajua kwamba ni upuuzi.

Picha mbaya ya kuumiza kupita zote haina kengele. Nayo ni Ingagi, ya mwaka 1930. Jina lake wasomaji wetu walio karibu na Rwanda wanalielewa bila mkalimani, maana ndivyo gorila anavyoitwa kwa Kinyarwanda. Kampuni iliyojiita Congo Pictures ilitangaza kwamba hii si hadithi, bali ni ushahidi wa kweli wa safari ya bwana mkubwa wa London, Sir Hubert Winstead, ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Katika ushahidi huo ilionyeshwa kabila inayowatoa wanawake wake kwa gorila. Yaliyofuata hatuyaandiki katika gazeti la jamaa.

Watu walijaza majumba ya sinema, na fedha zikamiminika. Kisha uchunguzi ukafanywa na ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, na mwaka 1933 ikatoa amri yake. Sir Hubert hakuwapo duniani. Gorila alikuwa Charles Gemora, mtu wa Ufilipino aliyekuwa fundi wa kuvaa ngozi ya gorila. Wale walioitwa Wambuti walikuwa watoto weusi wa mji wa Los Angeles. Mnyama wa ajabu aliyedaiwa kugunduliwa mara ya kwanza alikuwa kobe aliyebandikwa mabawa na magamba kwa gundi. Na vipande vilivyopigwa kweli Afrika vilikuwa vya zamani, vimechukuliwa katika picha ya mtu mwingine.

Kobe yule angekuwa peke yake, tungeiweka Ingagi pamoja na tembo wenye masikio ya kufungwa. Lakini hapa waliotukanwa ni mama zetu na dada zetu, tena kwa sauti ya mwalimu anayefundisha elimu ya nchi. Ni nani kati ya waliotazama mwaka 1930 aliyekuja kuisoma amri ya mwaka 1933? Uongo ulitangulia kwa gari la moshi, kweli ikafuata kwa miguu. Na watoto wale wa Los Angeles, waliovishwa na kuitwa washenzi ili wapate senti chache, waliambiwa nini na wazazi wao jioni walipouliza picha ile ilikuwa ya kazi gani?

Ya pili katika maumivu ni Sanders of the River, ya mwaka 1935, ya Zoltan Korda. Kwa kazi ya mikono si mbaya: sauti ni nzuri, mito na ngoma ni za kweli. Mwimbaji mkubwa Paul Robeson alikubali kuigiza ndani yake kwa kuwa alitumaini kwamba mila za Waafrika zitaonyeshwa kwa heshima. Picha ilipokwisha kuunganishwa, alikuta imekuwa sifa tupu kwa utawala wa Kiingereza, na yeye ndani yake mtumishi mtiifu wa bwana shauri. Aliijutia baadaye. Na katika kijiji cha bandia kilichojengwa Shepperton, karibu na London, kati ya Waafrika waliolipwa kusimama kama watu wa kijijini, alikuwamo mwanafunzi mmoja aliyehitaji fedha: Jomo Kenyatta.

Haitakuwa haki tukihukumu picha za wengine na kuzificha zetu. Katika miaka ya utawala wa Kibelgiji, mapadre nao walishika mashine za kupigia picha. Padre Alexandre Van den Heuvel alitengeneza vikatuni vya Mboloko, paa mdogo mwenye hila. Na huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Padre Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, akifuata mfano wa Laurel na Hardy. Ukizitazama leo, zina kasoro nyingi: mwendo ni wa polepole, na mafundisho yamejitokeza kama mfupa katika nyama. Upolepole huo ulikuwa na sababu isiyopendeza. Wazungu wengi wa siku zile, hata Waingereza waliokuwa wakijaribu picha za mafundisho huko Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda upesi. Yeyote aliyemwona mwanamke wa Miti sokoni akihesabu chenji ya watu watatu kwa wakati mmoja angalicheka dhana hiyo. Hata hivyo, Matamata na Pilipili ni watu. Wanakosea, wanaanguka, wanadanganywa, nao ni watu wa mtaani kwetu, wala hawakufungwa masikio ya bandia. Twaziweka kati ya zile za kufurahisha, tena karibu na mbele.

Wala mtu asidhani kwamba picha ikiumiza ni mbaya. Mwaka 2015 Mbelgiji Thierry Michel alitoa picha juu ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, na juu ya wanawake waliotendwa jeuri vitani. Hakuna aliyeitazama akacheka. Wanawake wenyewe wamo, wanasema kwa vinywa vyao, na milima inayoonekana nyuma yao ni milima yetu. Mwezi wa Septemba mwaka ule serikali ya Kinshasa iliipiga marufuku isionyeshwe nchini, kisha Oktoba marufuku ikaondolewa. Ingagi ilimtunga bwana asiyekuwapo ili awasemee watu waliokuwapo. Picha hii iliwapa nafasi wenye habari yao, ikanyamaza. Kwa hiyo haimo katika orodha yetu, ingawa ndiyo iliyotuumiza kuliko zote tulizozitaja.