Sukari ya Mama na Tezi ya Mtoto Tumboni

Huku kwetu Maretadu mtoto akizaliwa na kilo 4.5, ukoo mzima hushangilia. Hata mimi muuguzi hupenda kumbeba mtoto mnono. Lakini mara nyingine unono huo ni dalili ya hatari.

Kila mtu ana tezi iitwayo kongosho. Hiyo hutoa insulini, inayouwezesha mwili kutumia sukari iliyo katika damu. Wakati wa mimba, vichocheo vya kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini ya mama. Kongosho lake likishindwa kuongeza kazi, sukari hupanda, hata kama hakuwa na kisukari kabla.

Je, mtoto huathirikaje? Sukari ya mama hupita kwenye kondo, lakini insulini yake haipiti. Basi mtoto hujitegemea. Kongosho lake huanza kutoa insulini karibu na mwisho wa mwezi wa tatu. Akiletewa sukari nyingi kila siku, chembe za kutengeneza insulini huongezeka kupita kiasi. Mtoto hunenepa, hasa mabegani, na huweza kukwama wakati wa kuzaliwa.

Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma ghafla, lakini kongosho la mtoto bado linatoa insulini nyingi. Sukari yake huweza kushuka mno: akatetemeka, akalegea, akakataa ziwa, hata akapata degedege. Usimwache alale ukidhani ameshiba. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, kisha mara kwa mara, naye apimwe sukari.

Tufanye nini basi? Kliniki, omba kipimo cha sukari, hasa kati ya wiki ya 24 na 28. Usingoje dalili, wengi hawazioni. Ukigundulika, acha soda na chai yenye sukari, punguza ugali, ongeza maharage na mboga za majani, tembea. Ukiandikiwa sindano za insulini, usiogope, hazimdhuru mtoto. Panga kujifungulia penye upasuaji, kama Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955. Wiki 6 hadi 12 baadaye, pima tena, kwani kisukari huweza kurudi.

Basi mama mkwe akikupongeza kwa mtoto mkubwa, mshukuru. Kisha mwombe muuguzi ampime mtoto sukari.