Baiskeli za Milimani Garini: Amana ya Aliye Nyuma Yetu

Safari za jamaa zetu wa pwani kwenda Eldoret zimekuwa jambo la kawaida. Wapo wenye watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na wapo waliohamia huko kwa biashara au kwa kazi za hospitali. Likizo za shule zinapowadia, aila nzima huingia garini kwenda kuwazuru. Siku hizi juu ya magari hayo, au nyuma yake, huonekana kitu ambacho wazee wetu hawakukizoea: baiskeli mbili tatu za milimani, zenye tairi pana na gia nyingi. Tumeonelea makala ya wiki hii tuielekeze huko, kwani baiskeli iliyofungwa vibaya humdhuru mtu asiyetujua wala asiyepanda gari letu.

Huenda msomaji akauliza: baiskeli ni chombo cha kupandwa, basi kwa nini nayo ipandishwe chombo kingine? Jawabu limo katika sura ya nchi yenyewe. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara zake kuu zimejaa malori yaendayo Uganda, wala si mahali pa kumwachia kijana aendeshe baiskeli kwa raha. Njia za kuburudisha ziko nje ya mji: katika misitu ya Kaptagat, na hasa Iten, kiasi cha kilomita 35 kutoka Eldoret. Iten imekaa kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, kimo cha mita 2,400 hivi. Kutoka hapo barabara ya Kabarnet huteremka kwa kupinda na kupinduka kupitia Tambach, hadi chini bondeni, zaidi ya mita 1,000 chini ya pale ilipoanzia. Kushuka ni starehe. Kurudi juu ni shughuli ya wenye mapafu ya huko. Kwa hiyo gari huwapeleka vijana hadi Iten, huwatangulia bondeni, kisha huwapandisha wao na baiskeli zao.

Mchezo huu una watu wake waliouheshimisha. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa Team Amani, alishika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 kwa ajali alipokuwa akishindana katika jimbo la Vermont, Marekani. Tunamtaja ili vijana wajue kwamba hata bingwa hana mkataba na barabara. Ikiwa hatari ipo kwa aliye juu ya tandiko, haifai tuiongeze kwa uzembe wa kufunga.

Keria za kubebea baiskeli ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya juu ya paa. Hii huacha kioo cha nyuma na buti vikiwa huru, lakini ina mipaka. Magari mengi madogo hayakuundwa kubeba zaidi ya kilo 50 hadi 75 juu ya paa, na uzito wa keria yenyewe umo katika hesabu hiyo. Baiskeli moja ya milimani huwa na kilo 12 hadi 16. Tukipakia tatu za kilo 15, tumefika 45. Tukiongeza keria ya kilo 15, ni 60. Hivyo gari la kilo 50 limekwisha kudhulumiwa kabla halijatoka uani. Kimo nacho husahauliwa. Dereva aliyezoea kuingia chini ya paa la kituo cha petroli au lango la maegesho ya ghorofa hukumbuka baiskeli baada ya kusikia kishindo. Inafaa kimo kipimwe kwa futi, kiandikwe kwenye karatasi, na karatasi ibandikwe mbele ya dereva.

Ya pili ni ile inayoning'inizwa kwenye mlango wa buti kwa mikanda yenye ndoano. Ni rahisi kwa bei na yafaa kwa baiskeli nyepesi. Ndoano zake zishike ukingo wa bati la mlango, zisishike kioo wala pambo la plastiki. Magari yenye tairi la akiba mgongoni, kama Prado, yana keria ya kufungwa juu ya tairi hilo. Hapo tukumbuke kwamba uzito wote unabebwa na bawaba za mlango, na barabara ya mashimo huzichosha upesi.

Ya tatu hukaa juu ya chuma cha kukokotea trela. Hii ndiyo imara kuliko zote, na huzikalisha baiskeli nzito kwa magurudumu yake. Lakini uimara wake hautazidi wa chuma kinachoibeba. Mafundi wetu wa jua kali huweza kuunda chuma kizuri. Mwenye gari aulize tu kimefungwa wapi. Kikiwa kimeshikizwa kwenye bampa pekee, hakifai. Sharti kishike fremu ya gari.

Tukija kwenye kufunga, mpangilio ni muhimu. Mabaharia wetu walijua tangu zamani kwamba shehena nzito hukaa chini na karibu na katikati ya chombo, na hakuna nahodha aliyeweka farumi juu ya sitaha. Vivyo hivyo, baiskeli nzito itangulie na ikae karibu kabisa na gari. Ya pili igeuzwe, usukani wake uelekee upande wa tandiko la kwanza, ili zisigombane. Pedali zikizuia, zifunguliwe. Na afunguaye ajue kwamba ya kushoto huzungushwa kinyume cha ilivyozoeleka. Pampu, chupa za maji na vifuko vyote viondolewe. Panapogusana chuma kwa chuma, viwekwe vipande vya kanga kuukuu.

Fremu ya chuma au ya alumini hustahimili kubanwa na mkono wa keria. Fremu ya kaboni isibanwe kamwe, kwani hupata ufa usioonekana ambao hujidhihirisha baadaye, mpandaji akiwa kwenye mteremko. Baiskeli ya namna hiyo, na ile yenye shokamzoba mbele na nyuma, yafaa ishikwe kwa magurudumu. Keria ikihitaji gurudumu la mbele litolewe, na breki ikiwa ni ya diski inayotumia mafuta, kipande cha kadibodi kitiwe mahali pa diski. Bila hicho, mtoto akiuminya mkono wa breki, vibao vyake vitakutana, na kuvitenganisha kutahitaji fundi.

Kisha magurudumu yafungwe yasizunguke, na ncha za mikanda zikunjwe na kufichwa, maana mkanda unaopeperuka hujilegeza wenyewe. Blada ya tairi kuukuu, ambayo waendesha bodaboda huitegemea, ni msaidizi mzuri. Lakini hunyumbuka, kwa hiyo isifanywe kamba ya pekee. Tairi la baiskeli lisikae mbele ya bomba la moshi, kwani joto lake huliunguza. Mwisho, ishike baiskeli uitikise kwa nguvu. Gari likitikisika pamoja nayo, umefunga. Ikitikisika peke yake, anza upya.

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 800. Tunaondoka kwenye joto la pwani, tunapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, penye baridi na mvua. Mkanda wa nailoni ukilowa hurefuka. Karibu kila kituo cha biashara kina matuta, na kila tuta hulegeza nati kidogo. Kwa hiyo tusimame baada ya kilomita 10 za kwanza tukague, kisha tukague tena kila tunapotua kwa swala au kwa chakula. Watu wa safari wana vituo vyao. Mikanda nayo ipate haki yake katika vituo hivyo. Hasa kabla ya kuikabili Salgaa, penye malori mengi na historia ya ajali nzito, lisiwepo jambo la kutiliwa shaka.

Nambari ya gari na taa za nyuma zionekane. Keria ikizifunika, zihamishiwe mahali pa wazi, kwa kuwa dereva wa nyuma huzitegemea taa hizo ili ajue kwamba tumekanyaga breki, hasa usiku na kwenye ukungu.

Husemwa kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wetu unaweza kuonekana mwepesi kwetu pia, kwa sababu umekaa nyuma ambako macho hayafiki. Lakini nyuma yetu yuko kijana wa bodaboda aliyempakia mama na mtoto mgongoni. Yeye hana bati la kumkinga. Baiskeli ya kilo 15 ikimwangukia mbele kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hana pa kukwepea. Tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani. Basi na tupime hali ya yule akitiaye njiani kwa mikono yake.

Tunashauri kila aila imteue mmoja wa kufunga na mwingine wa kukagua, wala wasiwe mtu yule yule. Kijana mwenye baiskeli ndiye anayestahiki kuwa mkaguzi, na baba akiambiwa na mwanawe kwamba mkanda umelegea, asione haya kusimamisha gari. Wabillahi tawfiq.